Kura za Komini za Élisabethville, 1957: Matokeo Yake Yasomwe Namna Gani?

Siku matokeo ya kura yanapotangazwa, watu wetu wanauliza maswali mawili. La kwanza: «Nani ameshinda?» La pili: «Ni mtu wa wapi?» Swali la kwanza linajibiwa kwa hesabu. Swali la pili halina hesabu, nalo ndilo linaloleta taabu kubwa.

Kusudi tulielewe vizuri, tuangalie kura za kwanza zilizopigwa katika mji wa Élisabethville, unaoitwa leo Lubumbashi, mwezi wa Desemba 1957. Mambo hayo ni ya zamani, lakini matunda yake wakristu wetu waliyala kwa machozi.

1. Komini zilianzishwa namna gani?

Tarehe 26 Machi 1957 serkali ya Wabelgiji ilitoa sheria mpya ya miji ya Kongo. Kila mji uligawanyika katika komini. Kila komini ilipewa baraza la washauri na mkubwa wake, yaani burugumestre. Juu ya komini zote alikaa burugumestre wa kwanza wa mji mzima, naye alikuwa Mbelgiji aliyewekwa na serkali. Miji mitatu ilianza: Léopoldville, Élisabethville na Jadotville, ndiyo Kinshasa, Lubumbashi na Likasi za leo.

Katika Élisabethville komini za watu weusi zilikuwa nne: Albert (leo Kamalondo), Kenya, Katuba na Ruashi. Wazungu walikaa katika komini yao.

Tuangalie vema nani alipiga kura. Walipiga wanaume tu, wenye miaka 25 na zaidi. Mama aliyeuza unga sokoni, na ambaye barabara na maji ya komini vilimhusu kila siku, hakuulizwa neno. Tena serkali yenyewe haikupenda kuita jambo hilo uchaguzi. Ilisema ni kutaka shauri la watu. Watu walitaja waliowataka, washauri walipendekeza burugumestre, kisha gavana wa jimbo ndiye aliyemweka. Neno la mwisho lilibaki mikononi mwa serkali.

2. Matokeo yalikuwa nini?

Maburugumestre wanne wa komini za watu weusi walipatikana. Watatu asili yao ilikuwa Kasai, na mmoja Kivu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mwenye asili ya Katanga.

Tulinganishe na Léopoldville mwezi ule ule. Kule ushirika wa Wakongo ulioitwa Abako ulipata viti 133 kati ya viti 170 vya komini za watu weusi, na Joseph Kasa-Vubu akawa burugumestre wa Dendale. Mwaka 1960 yeye alikuwa Rais wa kwanza wa Kongo. Basi, katika Léopoldville walishinda wale waliosema: «Udongo huu ni wa babu zetu.» Katika Élisabethville walishinda waliotoka mbali. Sheria ilikuwa moja, matokeo mawili yaliyopingana. Ndiyo maana haifai kusema kwamba matokeo ya kura yanaonyesha tu nani ni mwenye nchi.

3. Sababu zake

Sababu ya kwanza ni kazi. Élisabethville ulizaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Kampuni ya Union Minière ilitafuta wafanyakazi mahali pengi, na tangu 1928 njia ya treni iliunganisha Katanga na Kasai mpaka Port-Francqui, ndiyo Ilebo. Watu wengi wa Kasai walikuja. Wengi wao walisoma, wakawa makarani, walimu na mafundi. Mtu anayeandikia jirani zake barua na kuwasomea karatasi za serkali anajulikana upesi katika mtaa.

Sababu ya pili ni namna ya kuhesabu. Tuchukue mfano wa mtaa wenye wapiga kura 100. Watu 40 wanapatana juu ya mtu mmoja. Wengine 60 wanagawanyika: 25 huku, 20 kule, 15 pengine. Anayeshinda ni yule wa watu 40, ijapokuwa watu 60 hawakumtaka. Hakuiba kitu. Waliopatana walipata, waliogawanyika walikosa. Mara nyingi kinachoitwa uchawi wa kabila fulani ni hesabu ya namna hii.

Sababu ya tatu: vyama vya siasa vilikuwa havijakomaa bado. Kitu ambacho watu walikuwa nacho ni ushirika wa watu wa kwao, uliosaidia kuzika wafu, kutunza wagonjwa na kupokea mgeni aliyeshuka treni. Ushirika huo ulikuwa kazi njema ya mapendo. Lakini mtu asiyeonyeshwa shauri lingine la kuchagulia, atachagua kwa kufuata mlango anaoujua.

4. Matunda yake

Wenyeji wengi wa Katanga waliyapokea matokeo yale kama matusi. Mwaka 1958 walianzisha umoja wa vyama vyao, Conakat. Godefroid Munongo alikuwa mkubwa wake wa kwanza, na nyuma yake Moïse Tshombe. Tuseme kweli: katika manung'uniko yao kulikuwa na jambo la haki. Mtu asiyeona hata mmoja wa kwao kati ya wakubwa wa mji anawaogopea watoto wake, na hofu hiyo si dhambi. Ubaya ulikuwa katika dawa iliyochaguliwa. Badala ya kutafuta sheria inayompa kila mmoja fasi yake, walianza kuhesabu nani ni mwenyeji na nani ni mgeni. Hesabu hiyo haina mwisho. Mnamo 1959 Balubakat ya Jason Sendwe, chama cha Waluba wa Katanga yenyewe, iliachana na Conakat. Katika kura za jimbo za Mei 1960 Conakat ilipata viti 25 kati ya 60, na muungano wa Balubakat viti 23.

Tarehe 11 Julai 1960 Katanga ilijitenga na Kongo, mpaka Januari 1963. Mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Waluba walikimbilia kambi ya wakimbizi karibu na Élisabethville, chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa tena katika Likasi, Kolwezi na miji mingine. Walilala katika stesheni wakingojea treni, na wengi walikufa. Wengi kati yao walizaliwa Katanga, wakabatizwa huko. Na kati ya waliowafukuza walikuwamo watu waliobatizwa katika kisima kile kile.

Hatusemi kwamba kura za 1957 zilizaa mambo hayo yote. Ukoloni ulikuwa umewagawanya watu, fedha ya shaba iliwavuta wenye tamaa, na wanasiasa walichochea moto. Lakini siku zile za Desemba watu wa mji walihesabiwa kwa mara ya kwanza, na hakuna aliyewafundisha namna ya kusoma hesabu hiyo.

5. Neno la Maandiko

Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 6, kinatueleza uchaguzi wa kwanza katika Eklezya baada ya ule wa Matia. Wakristu wenye kusema Kigiriki walinung'unika kwamba wajane wao walisahauliwa katika ugawaji wa chakula cha kila siku. Mitume hawakuwaambia: «Ninyi ni wageni katika Yeruzalemu, nyamazeni.» Waliita mkutano wa wote, wakataka watu saba wenye sifa njema, wenye kujaa Roho na hekima. Tuyaangalie majina ya wale saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timone, Parmena na Nikolao. Yote ni ya Kigiriki.

Hapo tunapata mafundisho mawili. Kwanza, walio wengi hawakuogopa kuchagua watu wenye majina ya upande ulionung'unika. Pili, wale saba hawakuchaguliwa kwa ajili ya Wagiriki peke yao, bali kuhudumia meza ya wote. Kazi ya komini nayo ni kazi ya meza: maji, soko, barabara, usafi, shule. Bomba la maji halina kabila.

6. Kazi yetu sisi

Tangu 1956 maaskofu wa Kongo walisema kwamba wenyeji wa nchi wana haki ya kushiriki katika uongozi wake. Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulikumbusha haki na lazima ya kupiga kura kwa ajili ya mafaa ya wote. Sheria ya Kanisa nayo, kanuni ya 287, inatukataza sisi mapadri kuingia katika kazi ya vyama vya siasa. Basi, padri asiseme: «Mchague fulani.» Lakini asinyamaze juu ya namna ya kuchagua na ya kupokea matokeo.

Tarehe 20 Desemba 2023 Wakongo walichagua tena washauri wa komini katika miji mikubwa ya majimbo, baada ya miaka mingi ya maburugumestre kuwekwa na wakubwa wa juu. Kwa sheria ya 2008, washauri wa komini ndio wanaomchagua burugumestre. Swali la 1957 limerudi mlangoni petu. Tunaona inafaa kufanya mambo matatu.

La kwanza: mbele ya kura, katekista aeleze kazi ya mshauri wa komini, kusudi mtu aulize «Atafanya nini?» kabla ya kuuliza «Ametoka wapi?»

La pili: matokeo yakitoka, tusaidie watu kuyasoma: kura ngapi, viti vingapi, nani alipatana na nani, nani aligawanyika. Mwenye manung'uniko ya haki ayapeleke mbele ya waamuzi, si barabarani.

La tatu ndilo gumu zaidi. Tuangalie kura zetu wenyewe. Katika baraza la parokia, katika kwaya, katika jumuiya ndogo za mtaa, tunachagua namna gani? Mkristu anayeona kila mwaka kwamba mkubwa wa jumuiya lazima awe wa kabila la padri au la katekista, amekwisha kufundishwa siasa yake, na mwalimu wake ni sisi.