Virusi Ndani ya Mbegu ya Jibini

Mbegu ya bakteria imetiwa tangini alfajiri, jua limeshapanda, na maziwa bado hayajachachuka. Kwa mwenye kiwanda cha jibini hiyo ni hasara ya tangi zima, na mshukiwa wa kwanza ni faji, kirusi kinachoshambulia bakteria. Whitehead na Cox waliripoti tatizo hili New Zealand mwaka 1935. Kupasha maziwa hadi nyuzi 72 kwa sekunde 15 huua vijidudu vya maradhi, lakini faji nyingi huokoka, kisha husambaa kiwandani kupitia maji ya jibini.

Usafi unasaidia, ila hauwezi kuondoa kirusi kilichokuja ndani ya mbegu yenyewe. Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa walipochapisha jenomu (jumla ya vinasaba) ya Lactococcus lactis IL1403, bakteria wa jamii inayotengeneza jibini na mtindi, walikuta virusi sita vimejipachika humo. Kati ya jeni 2,310 za protini, 293 zilikuwa za virusi hivyo. Vingine ni vizima, na bakteria akipata msukosuko virusi hivyo huweza kuamka na kumpasua. Vingine ni mabaki tu. Na si vyote ni hasara: kirusi kilichotangulia huweza kumzuia ndugu yake asiingie.

Ndiyo maana kulinganisha jenomu za mbegu kumekuwa kazi ya kibiashara. Muuzaji anayejua kila aina imebeba nini anaweza kupanga mbegu za kupokezana, ili faji iliyoimaliza ya leo isiipate ya kesho. Mwaka 2007 watafiti wa kampuni ya Danisco walionyesha kwamba bakteria wa mtindi, Streptococcus thermophilus, huhifadhi vipande vya vinasaba vya virusi na kuvitumia kujikinga. Ni mfumo wa CRISPR, ambao leo umevuka mbali mipaka ya maziwa.

Ujuzi huo uko mikononi mwa wachache. Danisco ilinunuliwa na DuPont mwaka 2011, na Chr. Hansen ya Denmark, iliyoanza 1874, iliungana na Novozymes mwaka 2024 kuunda Novonesis. Wasindikaji wetu wa mtindi na maziwa lala wanaotumia pakiti za mbegu kutoka nje wananunua pia matokeo ya ulinganishaji huo, watake wasitake. Basi wasiulize bei peke yake. Wamtake muuzaji awape angalau aina mbili zisizouawa na faji zilezile.