Nani Hulipia Programu ya Bure?

Mwezi Januari 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya zikiendelea, Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia walizindua Ushahidi, programu iliyopokea taarifa za wananchi na kuzionyesha kwenye ramani. Miaka miwili baadaye tetemeko la ardhi liliipiga Haiti, na watu wa kujitolea wakaitumia programu hiyohiyo kuwatafutia manusura msaada, bila kuilipia hata senti. Hilo liliwezekana kwa sababu programu si kama mkate. Mkate ukigawiwa hupungua. Programu hata ikinakiliwa mara elfu hubaki nzima. Kuiandika ni ghali, kuinakili ni karibu bure, ndiyo maana bei ya nakala huelekea sifuri. Lakini bei ya nakala si gharama ya programu. Seva zinadai malipo kila mwezi, mianya ya usalama inahitaji mtu wa kuiziba, na mtu huyo ana kodi ya nyumba ya kulipa, awe anaishi mtaa wa Kilimani au wa Kawangware jijini Nairobi.

Kwa Ushahidi, mzigo huo umebebwa kwa sehemu kubwa na wafadhili. Mwaka 2009 mmoja wao, Omidyar Network, aliahidi dola milioni 1.4. BRCK, kampuni iliyochipuka kutoka Ushahidi, ilishika njia nyingine: mtandao wake wa Moja uliwekwa kwenye matatu za Nairobi, abiria akaingia intaneti bila kulipa, na wenye matangazo wakalipia fursa ya kumfikia. Wapo watakaosema kwamba abiria hapotezi kitu. Lakini anatoa muda wake na, katika huduma nyingi za aina hii, taarifa zake, ambazo Bunge la Kenya liliona zina uzito wa kutungiwa sheria ya kuzilinda mwaka 2019. Wengine watasema programu huria hujengwa kwa kujitolea. Ni kweli, na toleo la kwanza la Ushahidi ni mfano mzuri. Ila moyo wa kujitolea huwaka wakati wa dharura. Kazi ya kukarabati msimbo mwaka wa kumi haina mvuto huo, na mfadhili naye ana kalenda yake, isiyofuata ya mtumiaji.

Kwa hiyo kaunti, shule au shirika linalochukua programu ya bure litenge fungu la matengenezo katika bajeti tangu siku ya kwanza, hata kama leseni haidai chochote.