Kanga wa Dagahaley: Unajua yupi ni yupi?

Ukitoka Dagahaley upatane na mbogi ya kanga ikivuka barabara, cheki kichwa kwanza. Mwenye kipembe cha mfupa utosini na madoa meupe mwili mzima ni yule wa kawaida. Kanga wa kufugwa wametoka kwake. Mwenye kipara kama cha tai, macho mekundu na kifua cha buluu kali, huyo ni kanga tai. Manze, luku yake ni noma! Ndiye mkubwa kuliko kanga wote duniani, na ukame wa Garissa haumtishi, maji mengi anayapata kwa chakula. Lakini msee akikuletea vifaranga wa yeyote kati yao, uliza kibali cha KWS kabla utoe pesa. Ukishikwa bila, ni wewe na korti.