Simu ya Upepo Nyumbani Kwako

Wako watu hapa Mpanda ambao wakiona waya umefungwa baina ya miti miwili nyuma ya nyumba hudhani kuwa ni wa kuanikia nguo, na wengine hunong'ona kwamba mwenye nyumba ni mpelelezi. Waya huo waweza kuwa wa simu ya upepo, yaani redio ya mtu apendaye kuzungumza na wenziwe wa mbali pasipo kutaka faida ya fedha. Watu hao huitwa watu wa redio ya ridhaa, nao wana umoja wao wa mataifa uliowekwa Paris mwaka 1925.

Katika nchi hii simu ya upepo si jambo geni. Wakati wa Wadachi palikuwa na mitambo Mwanza, Bukoba na Dar es Salaam, na manowari ya Kiingereza iitwayo Astraea iliupiga mizinga ule wa Dar es Salaam tarehe 8 Agosti 1914, maana adui aliijua thamani yake. Baadaye, katika enzi ya Waingereza, watu wa ridhaa wa Tanganyika walitumia alama ya VQ3. Siku hizi alama ya Tanzania huanza kwa 5H.

Alama hiyo hupewi ila kwa leseni, na leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Basi mtu asianze kupeleka sauti kwanza na kutafuta ruhusa baadaye. Kusikiliza ni shule nzuri ya kungojea. Hata ukiisha kupata leseni, huna ruhusa ya kufanya biashara, wala kupiga nyimbo kama kituo cha matangazo, wala kusema kwa mafumbo ili wengine wasifahamu.

Sasa tuutazame waya, kwa kuwa ndio unaofanya kazi kubwa, na mtu wa kijijini aweza kuutengeneza mwenyewe. Mawimbi ya redio huenda kilomita 300,000 kwa nukta moja. Chukua 300, ugawe kwa hesabu ya megahezi unazotaka, nawe utapata urefu wa wimbi kwa mita. Kwa megahezi 7.1 jawabu ni mita 42 na kitu. Nusu yake ni 21. Punguza kidogo, kama sehemu moja katika ishirini, zibaki mita 20. Kata waya wa shaba vipande viwili vya mita 10, uvitenge katikati kwa kitu kisichopitisha umeme, na hapo katikati uunge waya ushukao mpaka kwenye mtambo. Miti yetu ya miombo hutosha kuwa milingoti. Lakini miti huyumba kwa upepo. Kwa hiyo upande mmoja pitisha kamba juu ya tawi, uifunge jiwe linaloning'inia, ili waya upande na kushuka pasipo kukatika. Usiupitishe kamwe juu ya nyaya za umeme wala karibu nazo.

Waya huo, ukiwa juu mita 8 au 10, mchana hufikisha sauti Tabora, Kigoma na Sumbawanga, na usiku mbali zaidi, kwa kuwa jua likichwa, tabaka la chini la anga linalomeza mawimbi hutoweka. Ikiwa mvua zimekata barabara na simu za mkononi zimenyamaza, mtu mwenye waya huo na betri moja aweza kumwitia mgonjwa msaada.

Betri ya volti 12 na bamba la jua vyafaa. Mtambo wa wati 100 hula ampea 20 hivi wakati wa kusema, na kama moja tu wakati wa kusikiliza. Basi msemaji mno humaliza betri upesi.

Jambo la kuogopwa ni radi. Mimi mwenyewe, mwezi wa Novemba mwaka mmoja, niliona wingu jeusi nikasema, ngoja nimalize mazungumzo haya. Radi ilipiga mti wa jirani, nami nikasikia mshtuko mkononi, na mtambo haukusema tena. Tangu hapo, mawingu yakianza kukusanyika, waya hutolewa mtambonini na kutupwa nje ya dirisha. Tena pigilia nondo ya shaba ardhini, uunge mtambo nayo. Radi ikiisha kuanza kunguruma umechelewa: usiuguse waya.

Mwisho ni daftari. Kila mazungumzo huandikwa: alama ya mwenzako, megahezi, na saa ya ulimwengu, iliyo nyuma ya saa yetu kwa saa 3. Hapa makarani wengi hukosea. Mchana, chukua saa ya Kiswahili uongeze 3: saa sita ya adhuhuri huandikwa 09:00, na saa kumi na moja ya jioni huandikwa 14:00. Usiku, ongeza 15.