Mawimbi Yanapotuliza Akili

Mzazi, kijana wa kisiwani, penye kazi chache, atapeleka wapi hasira zake? Huko São Tomé, katika Ghuba ya Guinea, chama cha SOMA tangu 2020 huwafunza wasichana kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Zamani waliojitupa mawimbini ni wavulana hasa. Wasichana walikuwa na ndoo na nguo za kufua. Siku hizi huketi pamoja, wakaeleza yaliyo moyoni, kisha huingia majini. Wimbi halimngoji mwenye mawazo mengi: sharti utulize pumzi, ulitazame, usimame. Ukianguka, unapanda tena. Mwili huchoka, usingizi huja. Lakini mwanao afunzwe kuogelea kwanza, na akiwa na huzuni isiyoisha, mpeleke kwa daktari.