Je, Wajua? Barakoa ya Oksijeni ni Adui wa Mwigizaji

Je, wajua kwamba ipo filamu ya vita ya mwaka 1941 ambayo rubani wake ni rubani kweli, mtu wa redio ni mtu wa redio kweli, hata jenerali anayeamuru shambulio ni jenerali kweli, na bado jambo kubwa kuliko yote ndani yake halikuwa kweli?

Filamu hiyo ni *Target for Tonight*. Iliongozwa na Harry Watt wa Crown Film Unit, kitengo cha filamu cha serikali ya Uingereza. Nchi ilikuwa vitani na fedha zilikuwa haba, kwa hiyo badala ya kukodi waigizaji, Watt alipewa wanajeshi wa anga wenyewe. Percy Pickard, rubani aliyekwisha kuruka usiku mwingi juu ya Ujerumani, ndiye aliyeshika usukani wa ndege ya Wellington iliyopewa herufi F. Sir Richard Peirse, mkuu wa kamandi nzima ya ndege za mabomu, anaonekana akiwa ofisini mwake. Sehemu za ndani ya ndege zilipigwa katika studio ya Denham, ndani ya kiunzi cha Wellington kisichokwenda popote.

Ukiitazama leo, unavutwa na utulivu wa watu wale. Wanasema maneno machache, hawapaazi sauti, hawatoi macho. Mwigizaji aliyesomea kazi hiyo angetaka uone woga wake. Wao walikuwa wamezoea kuuficha, na kamera ikaunasa ule uficho. Hilo halinunuliwi kwa fedha.

Sasa tazama upande wa pili. Katika filamu, ndege F inafika, mabomu yanaanguka pale pale yalipokusudiwa, moto unawaka. Ilianza kuonyeshwa Julai 1941. Mwezi uliofuata, Agosti 1941, serikali ilipokea ripoti ya siri iliyoandikwa na Bwana Butt, aliyekuwa amechunguza mamia ya picha zilizopigwa na ndege hizo wakati wa kuangusha mabomu. Aligundua kwamba kati ya ndege zilizodai kushambulia shabaha zao, ni moja tu katika kila tatu iliyofika ndani ya maili 5, yaani kilomita 8 hivi. Juu ya bonde la Ruhr, lenye moshi wa viwanda na mizinga mingi, ilikuwa moja katika kila kumi.

Watt hakudanganya. Marubani wenyewe waliamini kwamba walikuwa wakipiga shabaha. Lakini ndipo unapoona kwamba kofia sahihi, vifungo sahihi na hata watu halisi havitoshi kuifanya filamu iwe ya kweli. Pickard mwenyewe aliuawa Februari 1944, akiongoza shambulio la ndege za Mosquito dhidi ya gereza la Amiens nchini Ufaransa.

Je, wajua kosa linalorudiwa karibu katika kila filamu ya aina hii, ya bei ndogo au kubwa? Barakoa. Ndege za B-17 za Marekani ziliruka mita 7,500 na zaidi, na hazikuwa na mgandamizo wa hewa ndani kama ndege za abiria za siku hizi. Huko juu, mtu aliyekosa oksijeni huzimia baada ya dakika chache, kisha hufa. Kwa hiyo watu wote 10 walivaa barakoa kwa saa nyingi mfululizo. Ongeza kofia ya ngozi na miwani mikubwa, na huwezi tena kumtambua nani ni nani. Mwongozaji aliyelipa ili sura nzuri ionekane hakubali. Anaiacha barakoa ining'inie upande mmoja wa shavu huku kijana akihutubia wenzake juu ya mchumba wake aliyemwacha nyumbani. Kijana huyo, kwa hali halisi, angekuwa amezimia kabla ya kumaliza hadithi.

Baridi nayo husahaulika. Madirisha ya wapiga bunduki wa ubavuni yalikuwa wazi kwa muda mrefu wa vita, na hewa ya nje ilifika nyuzi 40 chini ya sifuri. Aliyevua glovu ili aifungue bunduki iliyokwama aliacha ngozi yake kwenye chuma. Hadi mwisho wa mwaka 1943, katika jeshi la nane la anga la Marekani, waliotolewa kazini kwa kuumizwa na baridi walikuwa wengi kuliko waliojeruhiwa kwa risasi na makombora. Ni filamu gani inayokuonyesha hivyo? Studio ina taa kali, na waigizaji hutoka jasho.

Halafu kuna kelele. Mwaka 1943 mwongozaji William Wyler aliingia na kamera ndani ya B-17 ili atengeneze filamu yake ya makala, *Memphis Belle*, iliyotoka 1944. Kamera zake ndogo za milimita 16 hazikunasa sauti. Mazungumzo unayoyasikia kwenye simu ya ndani ya ndege yalirekodiwa baadaye Hollywood, na wanajeshi wenyewe ndio waliokuja kuyasema. Picha ni za kweli kabisa. Mpiga picha wake mmoja, Harold Tannenbaum, aliuawa angani akizitafuta. Sauti ni ya studio. Mtu asiseme basi kwamba makala ni ukweli na filamu ya kubuni ni uongo. Mpaka haupo pale tunapoudhania.

Tatizo kubwa la mtengenezaji mwenye mfuko mwepesi, hata hivyo, ni ndege zenyewe. Ndege za mabomu za Lancaster, za Waingereza, zilijengwa 7,377. Leo zinazoruka ni mbili tu duniani, moja Uingereza na moja Kanada. Ndiyo maana filamu hukopa vipande vya filamu nyingine. *Mosquito Squadron* ya mwaka 1969 inarudia picha za ndege zilizopigwa kwa ajili ya *633 Squadron* ya mwaka 1964, pamoja na ajali zake. Aliyeziona zote mbili anaitambua ndege ile ile ikianguka mara ya pili, safari hii ikiwa na watu wengine ndani.

Fedha nyingi nazo hazikuleta usahihi. *Memphis Belle* ya mwaka 1990 ilikusanya B-17 tano zinazoruka, na moja ikaungua wakati wa kupiga picha huko Binbrook, Uingereza. Wote waliokuwemo waliokoka. Pamoja na gharama hiyo, ndege za kivita za Mustang zinaonekana zikiwasindikiza vijana mwezi Mei 1943, wakati Mustang zilianza kazi hiyo Desemba. Safari ya mwisho inaelekea Bremen, ilhali kikosi halisi cha ndege ya Memphis Belle kilimaliza safari yake ya 25 huko Lorient, Ufaransa. Mustang ile si kosa dogo. Katikati ya mwaka 1943 vijana walikufa kwa wingi hasa kwa sababu hapakuwa na ndege za kuwasindikiza hadi ndani ya Ujerumani. Ukiwawekea walinzi, umewapunguzia upweke wao.

Wakati mwingine serikali ndiyo iliyokataza ukweli. *The Dam Busters* ya mwaka 1955 inasimulia shambulio la Mei 1943 dhidi ya mabwawa ya Ujerumani. Bomu lenyewe lilikuwa la mviringo mrefu kama pipa, likizungushwa kinyumenyume mara 500 kwa dakika kabla ya kuachiwa, ndipo likadunda juu ya maji. Filamu ilipotengenezwa hayo yalikuwa bado siri. Kwa hiyo mtazamaji hakuambiwa lolote juu ya kuzungushwa, umbo la bomu likabadilishwa, na katika picha halisi za majaribio alama nyeusi ilichorwa kulifunika. Kupiga filamu nzima bila rangi kulisaidia picha hizo za zamani ziungane na mpya bila mshono kuonekana.

Je, wajua pia kwamba usahihi uliwahi kuleta hofu? Stanley Kubrick alipotengeneza *Dr. Strangelove*, iliyotoka 1964, jeshi la Marekani halikumsaidia. Mbunifu wake Ken Adam, aliyekuwa rubani wa ndege za kivita za Uingereza, alikijenga chumba cha marubani wa ndege ya mabomu ya B-52 kwa kutumia picha zilizokwisha kuchapishwa na kwa kukisia yaliyobaki. Maofisa wa anga walipokiona, walishangaa jinsi kilivyofanana na chenyewe, hata Kubrick akaanza kuhofia upelelezi. Lakini nje ya ndege hiyo, tazama kivuli kinachopita juu ya barafu: ni cha B-17 iliyobeba kamera.

Kwa maoni yangu, mtaji mkubwa wa filamu hizi ni mtu aliyekuwepo. *Appointment in London* ya mwaka 1953 ilikuwa na Lancaster tatu tu. Lakini aliyebuni hadithi na kushiriki kuiandika, John Wooldridge, alikuwa rubani wa mabomu katika vita hivyo, na muziki wake akautunga mwenyewe. Ndiyo maana filamu inajua uchovu wa mtu anayehesabu safari zake zilizobaki. Kizazi hicho kinapomalizika, watengenezaji wadogo hukimbilia vitu. *Lancaster Skies* ya mwaka 2019, kazi ya kijana Callum Burn na baba yake Andrew, iligharimu paundi 80,000 hivi, na sehemu za ndani ya ndege walijijengea. Unapowaona watu saba wamebanana katika giza lile, wasione kitu nje isipokuwa mwanga wa mizinga, uhaba wa fedha unakuwa upande wao. Ndani ya Lancaster halisi mwelekezaji wa njia alikaa nyuma ya pazia, akiisikia vita bila kuiona. Seti ndogo yenye giza inafaa kabisa kwa maisha hayo.

Kuna sura ambazo filamu za zamani hazikutuonyesha hata pale zilipokuwa na fedha. Johnny Smythe wa Sierra Leone alikuwa mwelekezaji wa njia katika kamandi ya ndege za mabomu ya Uingereza. Alitunguliwa Ujerumani Novemba 1943, akafungwa katika kambi ya mateka hadi vita vilipokwisha, na baadaye akawa mwanasheria mkuu wa nchi yake. Waafrika na watu wa Karibi walikuwa katika vikosi hivyo, wakihesabiwa katika idadi ile ile: kati ya watu 125,000 hivi walioruka na kamandi hiyo, 55,573 waliuawa.

Na chini, maji ya bwawa la Möhne, mojawapo ya mabwawa yale ya Ujerumani, yaliyoachiwa usiku ule wa Mei 1943 yaliua zaidi ya watu 1,200, wengi wao wafanyakazi wa kulazimishwa waliotolewa Umoja wa Kisovieti na kufungiwa kambini karibu na mto. *The Dam Busters* haiwataji. Kuwaonyesha kusingehitaji hata ndege moja.