Vijidudu vya Ziwa Bogoria na Sabuni ya Kufulia

Tukitaja vijidudu wengi wetu hufikiria kuhara na taifodi. Lakini vipo vinavyoishi mahali ambapo viumbe wengine wangekufa. Maji ya Ziwa Bogoria, Kenya, ni magadi makali (pH hufikia 10) na chemchemi za kando yake hutokota, hata hivyo bakteria wanastawi humo.

Siri yao ni vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi ndani ya kiumbe. Kimeng'enya cha kawaida huharibika upesi katika maji ya sabuni ya unga, kwa kuwa nayo yana ukali wa magadi. Kile cha bakteria wa ziwa la magadi kimeyazoea. Kipo kinachokata nyuzi ndogo zilizochakaa juu ya nguo ya pamba, uchafu ukaachia na rangi ikang'aa tena. Viwandani vimeng'enya vya aina hii hupausha jinzi, kazi iliyofanywa zamani kwa mawe ya volkano.

Faida hiyo ni ya nani? Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilidai sehemu ya mapato ya kampuni ya Genencor ya Marekani, likisema vijidudu vilichukuliwa bila kibali chake. Itifaki ya Nagoya ya 2010, iliyoanza kutumika 2014, inataka ridhaa na mgawo wa faida vipatanwe mapema. Tunaona ni haki, ingawa imechelewa.

Kamati zilizo karibu na Natron na Manyara, mgeni akija na chupa za sampuli, mwombeni kwanza kibali cha COSTECH.